Mita ya Tisini na Moja

Baba alijenga ukuta kwanza, nyumba baadaye.
Juu yake akapanda chupa zilizovunjwa, za kijani,
ambazo jua la saa tisa la Ipagala liliziwasha moja moja,
nami nikazihesabu: mia mbili na kumi na nne.
Hiyo ndiyo ilikuwa jiografia yangu.

Shuleni nilipelekwa kwa gari, nikarudishwa kwa gari.
Viatu alininunulia yeye, mguu ameupima kwa kamba.
Kanisani nilikaa kati ya Mama na shangazi Mbeleje
kama neno kati ya mistari miwili ya daftari.
Sikupigwa. Sikulala njaa. Liandikwe hilo.
Nilipendwa kama nguo ya sikukuu:
nikakung'utwa, nikakunjwa, nikarudishwa sandukuni.

Mwaka ule mabomba ya mtaa yalipoanza kutema upepo
Baba akaita wachimba visima.
Geti likafunguliwa mabawa yote mawili,
jambo nililokuwa sijaliona,
lori la mtambo likaingia kinyumenyume, likaangusha mpapai,
akashuka mwanamke mwenye ovaroli ya grisi:
fundi Zamda, Mrangi wa Kolo.
"Nani hapa anaweza kuandika bila kuchoka?"
Nikanyoosha kidole, kama darasani.

Siku nne nilikaa kando ya shimo.
Kila mita, konzi moja juu ya gunia:
nyekundu, nyekundu, mchanga,
mfinyanzi wa kijivu uliogoma kutoka kuchani,
mawe yaliyooza, yenye kumetameta kama magamba,
kisha matale yenyewe, na mlio ukabadilika.
"Sikia," Zamda akasema. "Jiwe zima hupiga filimbi.
Lenye ufa hukohoa."

Miaka ishirini na mitatu nilitazama juu, kwenye chupa,
nikitafuta pa kutokea,
na huku mji wenyewe, wasemavyo Wagogo,
umepewa jina la kitu kilichozama.
Kumbe upande wa chini hakuna aliyejenga.

Hela ya Baba iliishia mita ya tisini.
Vumbi. Jivu tupu.
Akalipa, akaguna, akaingia ndani.
Mtambo ukakunja shingo.
Nami nikapanda mbele, kati ya Zamda na kijana wa kompresa,
daftari kifuani, kandambili miguuni.
Sikutoroka; kutoroka ni kwa usiku.
Ilikuwa saa nne asubuhi, na Mama alikuwa barazani na ungo wa karanga.
Aliniona.
Akapepeta tena, akageukia upande wa upepo.

Haneti. Itiso. Mvumi, wiki mbili, mashimo mawili makavu.
Nimelala juu ya turubai linalonuka dizeli,
nimekula ugali wa uwele na mlenda, nikaramba kidole.
Nimeandika mita ya arobaini na moja mara mbili
tukapoteza bomba zima, nikalia nyuma ya tangi,
na hakuna aliyekuja kunibembeleza.
Nikanyamaza mwenyewe. Sikujua kwamba inawezekana.

Mshahara wa kwanza nilinunua buti, Kibaigwa, mnadani.
Muuzaji akanitazama mguu, akacheka:
"Dada, wewe si thelathini na nane. Wewe ni arobaini."
Miaka yote hiyo nimetembea
vidole vimekunja ngumi.

Kule Bahi, kwenye tisini, wote wakaweka vyuma chini.
Nikasema: moja tu. Nikatweni mimi.
Zamda akawasha.
Jiwe likakohoa.

Maji yalikuja na chumvi.
Wanawake wakaonja, wakatema, wakacheka: "Haya ya ng'ombe!"
Mimi nilikunywa viganja viwili.

Jana Baba amepiga simu, mara ya kwanza.
Hakuuliza nalala wapi.
"Lile shimo nimelifunika bati," akasema. "Usiku linapumua.
Hivi, mita moja kwa sasa ni kiasi gani?"

Nikamtajia bei.
Kimya. Nikasikia jogoo wa jirani, ng'ambo ya ukuta.
Kisha, kwa sauti ya mteja:
"Mnaweza kuja lini?"